Baba Amelala

Fomu ya ruhusa ilikuwa na visanduku viwili tu vya kuweka alama: msiba na ugonjwa. Mama Pamba aliigeuza nyuma na mbele akitafuta cha tatu, hakukiona.

“Kuitwa shule naweka wapi?” alimuuliza msimamizi wa kitengo cha kupiga pasi katika kiwanda cha nguo.

“Kuna aliyekufa?”

“Mungu apishe mbali!”

“Basi weka ugonjwa.”

“Hakuna anayeumwa, bosi.”

“Utaumwa wewe, maana nusu siku inakatwa. Weka alama uende, kola zinarundikana.”

Akaweka ugonjwa. Barua ya mwalimu ilikuwa imekuja jana yake ndani ya daftari la mtoto, mistari miwili: mzazi afike kesho saa tano, asikose. Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka minane aliyekuwa darasa la pili, hakutaka kusema amefanya nini. Majirani walimpachika jina la Pamba kwa sababu alikuwa akipita uani asisikike, na mama yake alilifurahia jina hilo kama cheti. Njia nzima kutoka kiwandani alijiuliza mtoto wa namna ile, ambaye hata kikombe hakijawahi kumponyoka mkononi, anaweza kuitiwa mzazi kwa kosa gani.

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa na wanafunzi sabini na mmoja, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa ajili yao. Alimkaribisha mgeni kwenye kiti cha mtoto, maana vya watu wazima viliishia kwa mwalimu mkuu. Mama Pamba akakaa, magoti yakamfika kifuani.

“Mama, binti yako hasomi.”

“Anasoma, mwalimu. Hata gazeti la kufungia sabuni analisoma.”

“Kuandika anaandika, tena ni wa mbele. Lakini nikimsimamisha asome, midomo inacheza, sauti haitoki. Mwezi wa pili huu. Wenzake wameanza kumcheka.”

“Labda masikio?”

“Nilisimama nyuma yake nikanong'ona aniletee chaki. Aliileta kabla sijamaliza kusema. Masikio hayana ubaya wowote.” Mwalimu akashusha pumzi. “Wiki ya mwisho ya muhula kuna mtihani wa kusoma kwa sauti, mbele ya mwalimu mkuu na mkaguzi. Asiyesikika anarudishwa darasa la kwanza. Sikuitunga mimi hiyo sheria, mama, lakini ndiyo iliyopo. Tuna wiki tano.”

Darasa la kwanza! Mtoto anayesoma magazeti akakae tena na wanaojifunza kushika penseli. Mama Pamba alihisi uso ukimwaka.

“Wanapoachiwa saa sita na nusu,” mwalimu aliuliza, “yeye anakaa na nani?”

“Na baba yake.”

Uso wa mwalimu ukachangamka. “Basi mna bahati. Wengi humu wanakaa na kufuli. Mwambie baba amsomeshe kwa sauti kila mchana.”

Mama Pamba akasema atamwambia. Hakusema kwamba baba huyo ni mlinzi wa usiku kwenye ghala la magodoro, kazi ya kukaa macho mpaka alfajiri ukiwa na magodoro elfu moja nyuma yako, ambayo si kila mwanadamu anaiweza. Hakusema kwamba mumewe huingia nyumbani saa moja asubuhi, akampeleka mtoto shule, akajitupa kitandani hadi saa kumi jioni. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba mtoto yuko na baba yake. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo, na mwenye kuisema alijua.

Kwa kuwa kiwandani alikuwa ameshakuwa mgonjwa, hakukuwa na haja ya kurudi. Alimsubiri mtoto getini wakaenda nyumbani pamoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa nyumbani mchana wa siku ya kazi tangu Pamba aanze shule.

Hatua kumi kabla ya mlango, Pamba alivua viatu akavishika mkononi. Alikamata kitasa kwa mikono miwili, akaunyanyua mlango kidogo ndipo akausukuma, kwa sababu ukiburuzwa hulia. Mama yake alipotaka kuingia, mtoto alimzuia kwa kiganja na kumwonyesha kigae kilicholegea pale kizingitini.

“Usikanyage hapo,” alinong'ona. “Panagonga.”

Ndani kulikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia mtu alikuwa akikoroma polepole. Pamba alijipakulia chakula kwenye sahani ya plastiki, akaiacha ya bati pale pale juu, akala kwa mkono, kijiko akakiacha nacho. Maji aliyamimina yakiteleza ubavuni mwa kikombe. Chafya ilipomjia alikimbilia mto wa kochi akazika uso, na kilichosikika ni kama mtu amefunga kitabu. Mkoromo ulipokatika ghafla nyuma ya pazia, mtoto aliganda na tonge mkononi mpaka uliporudi.

Kisha akachukua kitabu cha kusoma, akakaa sakafuni karibu na dirisha, akaanza. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Mama Pamba alisimama pale pale alipokuwa. Alikuwa amekuja na maswali mengi, yote yakajibiwa kwa mara moja.

“Soma kwa sauti, mwanangu,” alisema, na ndipo aliposhtuka kusikia kwamba yeye mwenyewe ananong'ona.

“Baba amelala,” Pamba alimjibu, kwa upole wa mtu anayemkumbusha mgeni sheria za nyumba.

Sheria hiyo waliiweka wazazi wenyewe. Mwaka jana Baba Pamba alikutwa akisinzia kwenye kibanda cha ghala, akapewa barua ya onyo la mwisho. Tangu siku hiyo usingizi wa mchana ukawa ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo ada, ndiyo chakula. Mtoto aliambiwa mara moja tu. Hakuhitaji mara ya pili, na kila jioni alisifiwa.

Saa kumi Baba Pamba alitoka nyuma ya pazia akijikuna kifua, akamkuta mkewe. “Wamekufukuza?”

“Kaa kwanza.”

Alipokwisha kuelezwa, alimwangalia binti yake aliyekuwa uani akiruka kamba peku, akitua kwa ncha za vidole.

“Mtoto mtulivu ni sifa,” alisema. “Debe tupu ndilo linalovuma. Huyo mwalimu anataka nimfundishe mwanangu kelele?”

“Anataka asikike.”

“Mbona sisi tunamsikia?”

“Lini? Niambie neno la mwisho alilokuambia kwa sauti.”

Akafungua kinywa kujibu. Alilitafuta neno hilo la jana, la juzi, la wiki iliyopita, mkewe akimngoja, na kadiri alivyolitafuta ndivyo mabega yalivyomshuka.

“Basi nitaacha kulala,” alisema mwishowe. “Nitakaa naye, asome anavyotaka.”

“Halafu ukalale ghalani, wakufukuze, tuwe na mtoto mwenye sauti na asiye na pa kukaa.”

“Yule mama wa nyumba ya kona anayelea watoto?”

“Nimeshamuuliza zamani. Anachotaka kwa mwezi ni mshahara wangu na shukrani juu.”

“Shule je? Si wana masomo ya mchana?”

“Ya darasa la sita. Wadogo hawana mchana, baba. Wao mchana wao umesahauliwa.”

Hakuna aliyemlaumu mwenzake, na labda ingekuwa nafuu kama wangelaumiana. Baba Pamba alivaa sare yake ya kazi akatoka. Alipofika kizingitini alikikanyaga kile kigae makusudi, kikagonga, lakini mtoto alishtuka vibaya hata baba mtu akajuta.

Jumamosi mchana alimchukua Pamba wakaenda kusagisha mahindi. Mwenye mashine alijulikana kama Mama Radi, mwanamke mpana mwenye kope nyeupe kwa unga. Miaka ishirini na mitatu ya kusimama kando ya mashine ilikuwa imemsaga masikio pamoja na nafaka. Mle ndani ukitaka kitu ulipiga kelele, na ukitaka kutukana ulifanya ishara. Foleni ilikuwa ya watu sita.

“Laini au ya kawaida?” Mama Radi alimuuliza mtoto, kwa sababu ndiye aliyeshika ndoo.

Pamba akachezesha midomo.

“Nini?”

Akachezesha tena.

“Huyu anaumwa koo?” Mama Radi alimgeukia baba.

Baba Pamba akamwinamia sikioni, aeleze kwa staha. Mama Radi akamsukuma begani kwa kidole. “Sikio hilo lilishazikwa! Sema kama watu wanavyosema hapa!”

Akaangalia foleni nyuma yake. Mtu ana siri yake ameifunga vizuri mwaka mzima, halafu anatakiwa aifungue mahali ambapo jambo halisemwi ila kwa kelele. Angeweza kujibu “laini” akaondoka. Alikuwa ameshaivuta hata pumzi ya kujibu hivyo. Lakini alimwona mtoto akimtazama, ameshika ndoo, midomo imefungwa.

“Haumwi koo!” alipaza sauti. “Hana mahali pa kukaa akitoka shule! Mimi nalala mchana! Mama yake yuko kazini! Anakaa ndani kimya ili nisiamke! Sasa sauti imegoma! Wanataka kumrudisha darasa la kwanza!”

Jasho lilimtoka. Sita wote walikuwa wamesikia, na mshona viatu wa nje pia.

“Wangu namfungia kwa kufuli!” akasema mwanamke mmoja mwenye beseni, kwa sauti ile ile, maana haikuwepo nyingine. “Naenda nikirudi nakimbia!”

“Wangu anashinda kituo cha basi!” akasema mwingine. “Anasema anahesabu magari!”

“Mficha uchi hazai, mwanangu,” bibi mmoja alimpigia kelele Baba Pamba, akimpiga mgongoni. “Umefanya vizuri kusema!”

Mama Radi alikuwa bado anamkagua Pamba toka juu hadi chini. “Mlete Jumatatu,” alisema.

“Tutakulipa nini, mama?”

“Mkinilipa itabidi nijue kulea, na mimi najua kusaga tu! Atakaa pale!” Alionyesha benchi nje ya dirisha, kwenye kivuli, upande ambao upepo haupelekei unga. Kisha akaonyesha mstari mwekundu uliochorwa sakafuni. “Huu hauvukwi! Ukanda ule wa mashine ulishanilia kuku mzima, na manyoya yake! Umesikia?”

Pamba aliitikia kwa kichwa.

“Kichwa sikisikii!” alisema Mama Radi, akarudi kwenye mashine yake.

Siku mbili za kwanza Pamba alikaa kwenye benchi kama kifurushi kilichosahauliwa na mteja. Alipotaka kitu alimvuta Mama Radi gauni kupitia dirishani, na Mama Radi akamwambia yeye si kengele. Siku ya tatu mtoto alianza kubana miguu. Alichezesha midomo, Mama Radi akaweka mkono sikioni. Alinong'ona, mkono ukabaki sikioni. Bibi mmoja kwenye foleni alielewa akataka kusema kwa niaba yake. Mama Radi akamkatalia kwa jicho, na jicho lile lilikuwa na huruma pia, kwa kuwa hakupenda alichokuwa akikifanya.

“CHOO!” Pamba akalipuka.

Foleni nzima ikapiga makofi. Mama Radi alimkimbiza mwenyewe mpaka mlangoni, na waliporudi alimpa karanga.

Baada ya neno hilo mengine yalipata njia. Maji. Kalamu imedondoka. Mama mwenye ndoo ya bluu amekuja. Mama Radi hakumpa kazi yoyote, na mteja mmoja aliyemwambia mtoto akamshikie gunia alifokewa mpaka akaomba radhi. Kazi ya Pamba ilikuwa moja, kusoma kitabu chake mpaka Mama Radi amsikie akiwa ng'ambo ya dirisha, mashine inanguruma.

Kulikuwa na hadithi ya mbuzi aliyekataa kuvuka daraja. Mama Radi aliisikia nusu siku ya Jumanne, wateja wakamkatiza, na Jumatano asubuhi alikuwa akiulizana na mshona viatu kama mbuzi alivuka au la. Mchana Pamba alipofika hakupewa hata nafasi ya kuweka mkoba.

“Alivuka?” Mama Radi alimwuliza.

“BADO!”

“Haya soma, basi! Watu tumelala na mbuzi huku!”

Nyumbani, Baba Pamba alianza kuamka saa tisa bila kuamshwa na kitu. Nyumba ilikuwa kimya kama zamani, ila sasa kimya kile hakikuwa na mtu ndani yake, na hakikumpa raha. Alivaa viatu akaenda kumchukua mtoto mapema, akakaa naye kwenye benchi mpaka muda wa kazi. Siku moja Pamba alimsimulia habari ya mbuzi kwa sauti njia nzima, majirani wakatoka kuangalia nani anagombana.

Mwisho wa wiki ya tatu Mama Pamba alipitia kwenye mashine na gauni la Mama Radi alilolichukua kwa siri kulifua, amelipiga pasi kwa ufundi wa kiwandani, limekunjwa pembe kwa pembe.

“Na hili nitalivaa wapi?” Mama Radi alimwuliza. “Mtu wa unga mimi!”

“Ni kwa ajili ya kukushukuru, mama. Asante.”

“Nini?”

“Asante!”

“Sisikii!”

Mama Pamba alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga tangu nyumbani, kuhusu Mungu, kuhusu wema, kuhusu mkono usiodai. Yote yalimwisha. Alijaza mapafu.

“ASANTE!” alipiga kelele, machozi yakimtoka, mbele ya foleni na mshona viatu. “ASANTE, MAMA RADI! ASANTE!”

“Ya kwanza niliisikia,” alisema Mama Radi akilipokea gauni kwa ncha za vidole, asilipake unga. “Nilipenda tu kuisikia tena.”

Siku ya mtihani mama alikosa ruhusa. Fomu ilikuwa na visanduku vile vile viwili, na ugonjwa alikuwa ameshautumia. Baba alitoka ghalani asubuhi akaenda moja kwa moja shuleni na sare yake, rungu mkononi. Wazazi hawakuruhusiwa ndani. Alikaa chini ya dirisha la darasa, mgongo ukutani, akijiambia kwamba hatafumba macho hata kidogo. Mtoto wa kumi na mbili alipokuwa akisoma, kichwa cha Baba Pamba kilikuwa kimeshalala begani.

Pamba aliitwa wa hamsini na tatu. Mkaguzi alikuwa amechoka, mwalimu mkuu ametazama saa mara nne. Mwalimu wa darasa alimpa kitabu kipya, ukurasa ambao hakuna aliyewahi kuuona, akamwambia asimame karibu na dirisha penye mwanga.

Alisimama, akaangalia nje. Chini yake palikuwa na kofia ya baba yake, na mkoromo anaoujua.

Mwili wake ulijua la kufanya kabla yeye hajaamua. Vidole vya miguu vilijikunja ndani ya viatu. Midomo ikacheza, sauti haikutoka.

“Sauti, Pamba,” mwalimu alisema taratibu.

Midomo ikacheza tena. Nyuma mtu akacheka. Mkaguzi akashika kalamu, akatafuta jina kwenye orodha, na mwalimu wa darasa la pili akainamisha macho asiione kalamu ile ikiandika.

Pamba alimtazama baba yake, aliyekuja bila kulala kwa ajili ya kusikia, na sasa hasikii kitu. Alitazama kalamu. Halafu akavuta pumzi mpaka tumboni, ile ya kuvuka dirisha na mashine.

“ASUBUHI MOJA TARISHI ALIIEGESHA BAISKELI YAKE MLANGONI KWA FUNDI SAA!”

Mwalimu mkuu aliruka kitini. Nje, Baba Pamba alisimama wima, rungu juu. “Nani hapo?” alifoka, macho bado yamefumba nusu, na darasa likaangua kicheko.

Pamba hakunyamaza. Alisoma jinsi tarishi alivyopeleka barua mlango mbaya, jinsi fundi alivyoifungua, jinsi walivyogombana mpaka wakawa marafiki. Darasa la nne lililokuwa ng'ambo ya ukuta likaacha hesabu likasikiliza. Baba Pamba alishusha rungu polepole, akashika nondo za dirisha kwa mkono mwingine.

“Inatosha, binti, inatosha,” mkaguzi alisema akicheka, kalamu ikiandika. “Umepita. Hata walio sokoni wanajua umepita.”

Pamba alifunga kitabu. Ndipo alipomwona baba yake ng'ambo ya nondo, uso umejaa alama za ukuta, macho mekundu, na hofu ya zamani ikamrudia.

“Baba,” alisema, “nimekuamsha?”

“Umeniamsha, mama,” alijibu. “Asante. Lakini mwanzo sikuusikia. Soma tena.”